Hodi mara tatu: namna ya kukitangaza kitabu chako bila ya kumchosha msomaji

Kitabu changu cha kwanza nilikichapa kwa fedha zangu, nakala 300. Wiki ile ile kilipotoka kiwandani nikakibandika katika makundi 14 ya WhatsApp niliyokuwamo: la ukoo, la tuliosoma pamoja, la mtaa, la walimu, hata la waliochangia kisima. Asubuhi picha ya jalada, jioni picha ya jalada. Siku ya nne, kwenye kundi la ukoo, jalada langu likatua chini ya "Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun". Mzee wetu mmoja wa Wete alikuwa amefariki, khabari imeletwa dakika chache kabla, nami sikusoma kilichoandikwa juu. Nilibandika tu nikaenda zangu.

Shangazi yangu hakunigombeza. Alingoja siku ya khitma, akanivuta pembeni, akasema: "Mwanangu, jalada la kitabu chako nimeliona mpaka rangi zake nazijua. Ndani mna nini?" Wiki nzima nilikuwa sijamwambia mtu hata mmoja ndani mna nini.

Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyafanya tangu siku ile, kwa kitabu cha pili na cha tatu. Msingi wake ni adabu tuliyolelewa nayo sote, Unguja na Pemba. Mgeni hupiga hodi mara tatu. Akiitikiwa huingia, asipoitikiwa hurudi alikotoka, na harudi na kinyongo. Simu ya mtu ni nyumba yake. Mwandishi anayejichapia kitabu hana kampuni ya kumtangazia, kwa hiyo hodi lazima aipige mwenyewe. Anachotakiwa kujua ni mlango upi, kwa sauti gani, na aondoke lini.

Wapo wanaoishika methali ya "chema chajiuza, kibaya chajitembeza", wakaona mwandishi wa kweli hukaa kimya akangoja. Siafiki. Nenda sokoni Darajani asubuhi umwangalie muuza samaki mwenye changu wa leo. Mteja akisimama, yeye humfunua samaki matamvua ili wekundu uonekane. Hakujitembeza, na wala hakukaa kimya. Kitabu nacho kina matamvua yake, na kazi yako ni kuyafunua mbele ya mtu aliyesimama.

Hatua ya kwanza: daftari

Kabla kitabu hakijakwenda kiwandani, nunua daftari la skuli. Andika majina ya watu unaoamini watakisoma. Sisemi watu wanaokupenda. Mjomba wako anaweza kununua nakala kumi kwa mapenzi asifungue hata moja, na mwalimu wa Konde uliyekaa naye boti moja akakusomea beti kwa moyo anaweza kukisoma mara mbili na kuwapa wenzake. Huyo wa pili ndiye wa kuandikwa.

Piga mistari mitano ya safu: jina, anapokaa, anachopenda kusoma, tulionana wapi, alichonijibu. Safu ya mwisho itakaa tupu kwa muda, lakini baadaye ndiyo itakayokuwa mali. Daftari langu la kitabu cha pili lilianza na majina 37. Ukishindwa kufika hata 20, usijazie majina ya watu usiowajua. Rudi kwenye mswada wako ujiulize uliuandika kwa ajili ya nani. Kitabu cha hadithi za watoto kina mama zao na walimu wa maandalizi. Diwani ina watu wa taarab na walimu wa fasihi. Kitabu cha "watu wote" hakina wa kuandikwa daftarini.

Hatua ya pili: omba ruhusa, mmoja mmoja

Waandishi wengi tunairuka hatua hii kwa sababu ni ya taratibu. Mimi ilinichukua jioni mbili kwa majina 37. Namwandikia kila mtu kwa mkono wangu, simfowadii. Huu ndio ujumbe niliomwandikia mwalimu wa Konde:

"Assalaam alaykum mwalimu, shikamoo. Ni mimi tuliyekaa pamoja kwenye boti ya Mkoani mwezi wa tano, tukazungumza hadithi za pwani. Kitabu changu cha hadithi hizo kinatoka mwezi ujao. Naomba ruhusa nikuletee kipande usome, na nikujulishe kitakapotoka. Nitakuandikia mara tatu tu, basi. Kama si wakati wake, hapana neno kabisa."

Salamu inayolingana na umri wake imo, mahali mlipoonana pamo, kitu chenyewe kimo, idadi imo, na mlango wa kukataa umeachwa wazi. Idadi ndiyo inayomtuliza mtu. Anayejua utamwandikia mara tatu hana haja ya kukukimbia.

Akijibu "karibu", mwombe aihifadhi namba yako. Sababu ni ya kiufundi, na inapendeza. Orodha ya matangazo ya WhatsApp, ambayo humpelekea kila mtu ujumbe wako faragha, hubeba hadi watu 256, lakini ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako simuni mwake. Asiyeihifadhi hapati kitu, wala hasumbuki. Programu yenyewe inajua hodi. Asiyejibu kabisa, muandike "kimya" kwenye safu ya mwisho na umwache.

Usifungue kundi jipya ukawaingiza watu bila ya kuwauliza. Kundini namba za wote huonekana na wote, na mwanamke aliyekukubalia kwa ajili ya kitabu hakukubali namba yake ifike kwa wanaume asiowajua. Nimewahi kuona msomaji mzuri akipotea hivyo, na lawama alimpa mwandishi, kwa haki. Ukitaka mahali pa wengi, fungua chaneli, maana huko wafuasi hawaonani namba. Na stetasi ni yako, itumie utakavyo. Hukaa saa 24 ikaondoka, na anayeifungua kaja mwenyewe.

Makundi ya ukoo, ya mtaa na ya msikiti si yako. Kama unaona kitabu kinawahusu, mwandikie msimamizi faragha. Akikubali, weka mara moja kwa kitabu kizima, na kabla hujaweka soma ujumbe kumi za juu.

Hatua ya tatu: kipatikane kabla hakijatangazwa

Nilichelewa kulielewa hili, na natamani mtu angenishika mkono akaniambia. Kelele nyingi za waandishi hutokana na kitabu kisichopatikana. Mtu anakitaka Jumatatu, haoni duka, haelewi atalipaje, anaahirisha. Wewe unadhani hakukusikia, unamkumbusha. Anaona haya, anaahirisha tena. Unamkumbusha mara ya tano, sasa anaudhika. Uvivu hakuwa nao, alikwama mahali ambapo wewe ungeweza kumkwamua siku ya kwanza.

Kwa hiyo kabla ya hodi ya pili, yaani ujumbe wa kusema kitabu kimetoka, hakikisha nakala ziko mahali pasipopungua pawili Unguja, mjini na shamba, na mahali pamoja Pemba penye mtu wa kuaminika. Duka la vitabu ni zuri, lakini duka la vifaa vya skuli, la mashine ya fotokopi, hata la mshonaji aliye karibu na stendi ya daladala, hufaa pia. Mwachie nakala tano, si hamsini, andikianeni karatasi, na mkubaliane atabakisha shilingi ngapi kwa kila nakala. Pita kila baada ya wiki mbili. Mwenye duka ukimsahau, naye hukisahau kitabu chini ya rafu.

Kwa Pemba, kifurushi hupanda boti. Funga kwa nailoni ndani na karatasi ngumu nje, kwani dawa ya kitabu kilicholowa maji ya bahari haijapatikana. Andika jina la mpokeaji na namba yake pande mbili kwa kalamu nzito, na mpigie chombo kikiondoka, si kikishafika. Nauli ya kifurushi iingize kwenye bei uliyoitaja tangu mwanzo. Msomaji wa Chake Chake hapendi kuambiwa "na ya boti" akishakubali.

Kwenye malipo ya simu kuna jambo dogo linaloharibu mauzo mengi, nalo ni jina. Mtu anatuma, simu inamwonesha jina asilolijua, anadhani katapeliwa, anafuta. Laini yangu ya malipo ilisajiliwa kwa jina la marehemu baba pamoja na la ukoo, si jina ninaloandikia vitabu. Siku hizi naandika wazi: "Jina litakalotokea ni hili." Kabla ya hapo nilikuwa nikipigiwa kila jioni, na wengine hawakupiga, waliacha tu.

Hatua ya nne: hodi tatu zenyewe

Hodi ya kwanza ni kipande cha kitabu, bila ya jalada na bila ya bei. Maneno 100 hadi 150, yaandikwe ndani ya ujumbe wenyewe ili asiye na bando la kutosha asilazimike kufungua picha wala faili. Usichague kipande chenye lugha yako ya kujivunia. Chagua pale ambapo kitu kinakaribia kutokea, ukate. Kipande changu cha kitabu cha pili kilimalizikia hivi:

"Bi Mwanaisha alizihesabu kanga kambani. Asubuhi alianika tano. Sasa zilikuwa sita, na ya sita ilikuwa ikinuka bahari."

Sikuongeza neno baada ya hapo. Usiku ule nikapata majibu 11, tisa yakiuliza swali moja: ya nani hiyo ya sita? Kila swali nililiandika kwenye daftari mbele ya jina la mwenyewe. Anayeuliza ameshafungua mlango, na jibu lake si "nunua ujue". Mjibu kwa kuzungumza naye. Mimi niliwaambia kuwa bibi yangu alikuwa akizihesabu kanga zake hivyo hivyo kila jioni, na ndiko hadithi ilikoanzia.

Hodi ya pili huja baada ya siku kumi au zaidi, kitabu kikiwa tayari kipo madukani. Hii ibebe kila kitu kwa mara moja: jina la kitabu, kurasa, bei, panapopatikana Unguja, panapopatikana Pemba, namba ya malipo na jina litakalotokea, na nini kitafuata mtu akishalipa. Mfano:

"Assalaam alaykum. Kile kitabu cha kanga ya sita kimetoka. Kurasa 112, Sh. 10,000, na bei ni hiyo hiyo Unguja na Pemba. Mjini kipo duka la vifaa vya skuli pale Mlandege, Chake Chake kipo kwa wakala wetu karibu na stendi. Ukipenda kuletewa, tuma kwenye namba hii, jina litakalotokea ni hili, kisha niandikie ulipo. Nakala inakufikia ndani ya siku tatu."

Acha maneno ya kutisha. Kama nakala 280 ziko chini ya kitanda, usiandike kwamba zinakaribia kwisha. Mji wetu ni mdogo, na mtu atakayeziona nyumbani kwako siku ya Eid ni yule yule uliyemwandikia.

Hodi ya tatu, wiki tatu baadaye, iwe na sauti ya mtu mwengine. Muombe msomaji mmoja ruhusa ya kutumia alichokuambia, kwa maneno yake, hata kama kuna kasoro aliyoitaja. Khasa kama kuna kasoro aliyoitaja. Mmoja wa wasomaji wangu aliniandikia kuwa hadithi ya tatu haikumpendeza lakini ya nne ilimfanya aiwashe taa ya ukumbini alale nayo. Niliituma nzima. Halafu malizia kwa kuaga: "Huu ndio wa mwisho kuhusu kitabu hiki. Ahsante kwa kunikaribisha." Kwa vitabu vyote viwili nilivyovitangaza hivi, hodi hii ya kuaga ndiyo iliyoleta maagizo mengi zaidi, na mengi yalitoka kwa watu waliokuwa kimya hodi mbili za mwanzo.

Baada ya hapo nyamaza kweli. Wiki ya kwanza ya kunyamaza ni ngumu, mikono inawasha. Ipeleke kwenye kitabu kinachofuata.

Hatua ya tano: sikio

Visiwa hivi vilisikia fasihi kabla ya kuisoma. Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu mashairi yake yaliimbwa na vikundi vya taarab, na wako watu wazima walioyajua maneno yake kwa masikio kabla hawajaona ukurasa. Ukitoa sauti, huleti jambo geni.

Nililiona hili Pemba msimu wa karafuu. Jioni, mchumo wa siku umemwagwa ukumbini, watu wazima na watoto wameuzunguka wanachambua, karafuu huku makonyo kule. Mikono yote ina kazi, na macho yako kwenye vidole. Masikio ndiyo yaliyo huru, redio iko dirishani. Nyumba ile hakuna mtu ambaye angeweza kushika kitabu kwa saa tatu zile, lakini nilipowasomea ukurasa mmoja, mtoto wa miaka tisa aliacha kuchambua mpaka mama yake akamgonga bega.

Rikodi dakika mbili, zisizidi tatu. Kaa chumba chenye nguo nyingi, karibu na kabati lililo wazi, maana kuta zetu za mawe na mabati hurudisha sauti. Zima feni. Simu iwe upande wa mdomo, umbali wa shubiri, isiwe mbele moja kwa moja. Soma kwa lafudhi yako. Kama hadithi ni ya Makunduchi na wewe ni wa Makunduchi, acha Kikae, lahaja ya huko, kisikike, wasomaji wa huko hukitambua kabla ya jina lako. Sauti hiyo iweke kwenye stetasi au iwe ndiyo hodi ya kwanza kwa wazee ambao macho yamechoka. Lakini faili la kitabu kizima usimpe mtu simuni, hata rafiki. Litafowadiwa kwa nia njema mpaka usilijue liliko.

Redio nazo zitafute. Redio za jamii kama Micheweni na Tumbatu zinahitaji vipindi vinavyowahusu wasikilizaji wao. Usiende kuomba utangaziwe kitabu. Nenda na mada: hadithi ulizokusanya kijijini, maneno ya kale yanayopotea, maisha ya wavuvi. Kitabu kitatajwa mwisho, mara moja, na mtangazaji.

Hatua ya sita: uso kwa uso

Barazani, wakati wa kahawa, usianze wewe. Kaa, sikiliza, zungumza yanayozungumzwa. Beba nakala moja, usibebe boksi. Wakikuuliza mkononi una nini, mpe mkubwa wao aifungue na umwache asome kimya kadiri atakavyo. Sijawahi kuona baraza likinunua kitabu kilichohubiriwa. Nimeona kikizunguka mikononi wiki nzima, kisha watu watatu wakauliza bei.

Skuli ni jambo jengine, zina wenyewe. Anza kwa mwalimu mkuu, kwa miadi, ukiwa na nakala moja ya kuiachia maktaba ya skuli hata wakikataa mengine. Wasomee watoto, wape nafasi ya kuuliza, ondoka. Usiwaambie waje na fedha kesho. Mtoto ambaye kwao hakuna atakumbuka kitabu chako kwa aibu ile. Nakala nyengine ipeleke Maktaba Kuu, Maisara. Kitabu kilichomo maktaba hufanya kazi yako miaka yote bila ya kumwandikia mtu ujumbe.

Saa na siku

Ijumaa mchana hapana. Ramadhani, usiandike kabla ya tarawehe, na kumi la mwisho usiandike kabisa. Siku chache kabla ya Eid fedha zinakwenda kwenye nguo, lakini watoto wakishapewa sikukuu zao, kitabu kidogo cha hadithi chenye bei ndogo hupata wateja wake wenyewe. Pemba, mara karafuu zinapouzwa ndipo mkono unapokuwa mwepesi. Novemba wanafunzi wana mitihani, waache. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021, kila mwandishi anaandika, na simu za watu zinajaa. Mimi siku hiyo nanyamaza, na skuli nazitembelea wiki moja kabla.

Ukisikia msiba kwa mtu wa daftarini, ahirisha hodi yake. Nenda au piga simu ya mkono wa pole, na kitabu kisitajwe hata akikuuliza. Mwambie tutazungumza baadaye.

Baada ya kununua

Mtu akishanunua, mshukuru siku ile ile kwa jina lake. Baada ya mwezi mwulize swali moja, hadithi gani alisimama nayo, na uandike jibu. Usimwombe akutangazie. Akikipenda atamwambia dada yake bila ya wewe kujua, na dada yake ndiye atakayekuandikia: "Nimepewa namba yako na fulani." Huyo anza naye hatua ya pili, na ruhusa yake mwenyewe, usimwingize orodhani kwa ruhusa ya ndugu yake.

Na mtu akikuandikia "nitoe", mjibu "Ahsante, nimekutoa, samahani kwa usumbufu." Usimwulize kwa nini. Mtoe saa ile ile, upige mstari wa wino kwenye jina lake daftarini, na kitabu cha pili kikitoka usimrudishe ila mwenyewe aombe.